Tuzo ya Wagomvi

Profesa Deogratias Lugendo alishona suti ya kupokelea tuzo kabla mtambo haujawashwa. Ilikuwa suti ya kijani yenye vifungo vya mbao, na mwenyewe aliwaeleza wote waliotaka kusikia, na wasiotaka pia, kwamba mbao hizo zilitoka kwenye mti uliokufa kwa uzee. Sasa alikuwa amekaa mstari wa mbele katika chumba cha vioo cha Wakala wa Shukrani, mguu juu ya mguu, akisubiri kuambiwa kile alichokuwa akijiambia mwenyewe kwa miaka mingi: kwamba bila yeye, Msitu wa Kihuro usingekuwepo.

Nakijwa Mrutu, mwendeshaji wa mtambo, alimtazama akajisemea moyoni kwamba kama kujisifu kungekuwa mbolea, mlima wa Kihuro ungeota miti hadi kwenye mawe. Akajifuta mikono, akawasha.

Mtambo wenyewe uliitwa Kinyume, na ulibuniwa kwa sababu watu walichoka kudanganywa. Zamani nishani za uhifadhi zilikwenda kwa aliyepigwa picha nyingi akiwa ameshika mche, au kwa mwenye shemeji kwenye kamati. Kinyume haukuwa na shemeji. Ulilishwa kila kilichojulikana kuhusu msitu na watu wake: sauti zilizonaswa na vinasa vilivyofungwa juu ya miti, unyevu wa udongo, picha za setilaiti, kumbukumbu za mahakama na za hospitali, safari za kila gari na kila simu. Kisha ulimchukua mtu mmoja, ukamfuta kana kwamba hakuzaliwa, ukaiendesha dunia upya bila yeye mpaka leo. Matokeo yalijichora kwenye kioo kikubwa, na wafanyakazi waliyaita msitu wa pili. Ukiuweka msitu wa pili kando ya ule wa kweli, tofauti unayoiona ndiyo mchango wa mtu huyo kwa hifadhi.

Nakijwa akamfuta Profesa Lugendo.

Kioo kikafifia, kikarudi. Msitu ulikuwa uleule. Mikulo, ile miti mikubwa ya mbao, ilisimama mahali pake, mbega waliruka kwenye matawi yaleyale, ukungu ukashuka kwenye chemchemi zilezile. Mtambo ukatafuta tofauti kwa muda mrefu kuliko kawaida, mwishowe ukaipata moja, ukaizungushia duara jekundu. Ilikuwa langoni mwa hifadhi. Pale, kila Siku ya Miti, Profesa alipanda mche mbele ya waandishi wa habari, na kwa kuwa mche wa mwaka uliotangulia ulikuwa umekwisha kukauka kwa kukosa wa kuumwagilia, aliupanda katika shimo lilelile. Katika msitu wa pili hapakuwa na shimo. Palikuwa na nyasi, na paa wawili wakizila.

Hakuna aliyecheka, ingawa Nakijwa alilazimika kuuma mdomo. Profesa alishusha mguu. Akasema labda mtambo haujapata moto, warudie. Wakarudia, na safari hii paa walikuwa watatu.

Mkurugenzi wa Wakala, Mama Chambala, mwanamke aliyekuwa na kipaji cha kutabasamu hata akitukanwa, akaamuru mtambo uachwe utafute wenyewe miongoni mwa watu wote waliowahi kuugusa mlima ule kwa heri au kwa shari. Kinyume ukanguruma. Watu wakanywa chai. Profesa akakataa andazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Halafu majina mawili yakajitokeza juu ya kioo, yote katika mstari mmoja: Sefania Mrutu na Kalebu Mrutu.

Mama Chambala aliuliza kama hao ni askari wa wanyamapori au watafiti. Nakijwa alikigeukia tena kioo. Alikuwa ameyasoma majina yale mara tatu, akitumaini kwamba mlimani kuna akina Mrutu wengine.

"Ni wakulima wa tangawizi," akasema mwishowe. "Mzee Sefania ni baba yangu. Mzee Kalebu ni baba yangu mdogo. Hawajawahi kuulinda msitu hata siku moja."

"Sasa wamefanya nini?"

"Wameshtakiana," akasema Nakijwa.

*

Msitu wa Kihuro umekaa juu ya mlima wenye magenge pande zote. Njia ya kuufikia ni moja tu, mgongo mwembamba wa ardhi ambao Wapare wa pale wanauita Shingo. Anayetaka kuingiza mashine za kuvuna magogo lazima apite Shingoni, na Shingoni ndipo marehemu babu yake Nakijwa alipowaachia wanawe wawili shamba, mpaka ukiwa umepandwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Mpare anaiheshimu kuliko ukuta wa zege.

Mwaka mmoja, Nakijwa akiwa bado hajazaliwa, Sefania aliamka akaona masale yamesogea. Ndivyo alivyosema yeye. Kalebu alisema masale hayana miguu. Kipande kilichogombewa hakikutosha hata kujenga banda la mbuzi wawili, lakini Sefania alikwenda baraza la kata, Kalebu akakata rufaa wilayani, Sefania akapanda juu zaidi, na huko juu jaji mmoja mwenye bidii ya kupita kiasi akaandika zuio: mpaka shauri liishe, chombo chochote chenye injini kisipite Shingoni. Tangu hapo shauri halikuisha. Kila hukumu ilipokaribia, aliyeona anashindwa alikata rufaa, na aliyeona anashinda alidai fidia ya kucheleweshwa. Mawakili walizeeka nalo, wakawarithisha watoto wao.

Na kila kampuni iliyokuja na leseni ya kuvuna mikulo ilifika chini ya Shingo, ikasomewa zuio, ikageuza. Milima mingine ya nchi ilinyolewa karibu yote. Ikabaki misitu mitatu ya ukungu, na wa Kihuro ndio ulioyapa maji mabomba yote ya tambarare.

Nakijwa alimfuta baba yake, kisha akamfuta baba mdogo, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wakubwa wake. Mara zote mbili kioo kilichora picha moja. Barabara pana ilipanda Shingoni, mashine zikapita, mlima ukawa kipara. Kule chini wanawake walikaa na ndoo kwenye mabomba yanayotoa hewa. Wapare wanataniwa tangu zamani kwa kupenda kesi, na Nakijwa aliyetaniwa hivyo shuleni, chuoni na kazini, siku zote alikuwa akicheka na wenzake. Siku hiyo hakuweza kucheka.

Tatizo halikuwa nishani. Tatizo lilikuwa ombi. Sheria ya Shukrani ilimpa mshindi haki ya kuomba jambo moja lolote linalohusu hifadhi na mipaka yake, na hakuna ofisi iliyoruhusiwa kulikataa. Profesa Lugendo alikuwa na ombi lake tayari, na alikuwa amelichora kwa rangi: Kituo cha Ukimya katikati ya msitu, mahali ambapo watu wazito wangekuja kusikiliza utulivu, na barabara ya kukifikia yenye upana wa kupishana mabasi mawili.

Sasa ilionekana wazi kwamba Profesa alikuwa akipiga hesabu zake. Kisha akasimama, akafunga kifungo kimoja cha mbao, akasema kwa unyenyekevu uliomkaa vibaya kwamba yeye anainama mbele ya wazee wetu wa kawaida. Apewe Mzee Sefania. Mzee aombe shauri lake liishe, apate haki yake, apumzike. Alisema hivyo akimtazama Mkurugenzi, lakini Nakijwa alimwelewa. Shauri likiisha, zuio linaisha. Mtu huyu, ambaye mtambo ulikuwa umethibitisha kwamba hana faida kwa mti hata mmoja, alikuwa bado anatafuta njia ya kupitisha mabasi yake mgongoni mwa mzee.

Nakijwa akasema majina ni mawili na mstari ni mmoja. Ukimfuta Sefania, Kalebu hana wa kugombana naye. Ukimfuta Kalebu ni vilevile. Kwa hiyo tuzo ni ya wawili, ombi ni moja, na sharti walitamke pamoja. Mama Chambala aliposikia hivyo macho yalimng'aa. Aliwaona tayari: ndugu wawili jukwaani, wakikumbatiana, taifa zima likitazama. Profesa naye akatabasamu, kwa kuwa kwake mapatano yalikuwa njia ileile kwa mlango mwingine.

Waache watabasamu, Nakijwa aliwaza. Hawawajui wazee wale. Baba yake na Kalebu hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha. Hawangeweza kuomba kitu kimoja hata wakiulizwa wakiwa wanazama. Ombi lisingetoka, shauri lingeendelea, na mikulo ingesimama. Aliwadharau wote kwa mkupuo mmoja, wakubwa kwa tamaa yao na wazee kwa ukaidi wao, akaona amefanya kazi nzuri.

*

Jumamosi alipanda Shingoni kwa miguu. Baba yake alikuwa ametoka kanisani na anakula makande kwenye sufuria, akianza na maharage na kuyaacha mahindi kwa mwisho, kama alivyokula siku zote. Waliabudu Sabato ukoo mzima, isipokuwa Kalebu, ambaye alihamia kwa Walutheri ili asikae benchi moja na kaka yake.

Nakijwa akamweleza habari ya tuzo. Mzee Sefania aliacha kutafuna.

"Msitu?" akauliza. "Mimi nimeulinda msitu?"

Alicheka hadi kijiko kikaanguka. Akasema msitu ule humletea nyani kila msimu, wanakula mahindi yake na kumnyea uani, na kama angekuwa kijana angeupeleka kuzimu kwa kiberiti kimoja. Wamtafute mwingine. Nakijwa akamwambia kwamba mtambo hauangalii mtu anapenda nini, unaangalia kilichotokea. Kisha akamwambia kwamba Kalebu naye atapewa.

Kicheko kikakatika. "Yeye kafanya nini?"

"Alikataa kukubaliana na wewe, baba."

Mzee akalifikiria jambo hilo kwa haki, maana pamoja na yote hakuwa mwongo. Akakubali kwamba katika hilo Kalebu hana mpinzani. Akaokota kijiko, akakipangusa kwenye suruali, akala kidogo, akatazama upande wa masale. Nyumba ya Kalebu ilikuwa karibu kiasi kwamba moshi wa jiko lake uliingia kwenye uwanja wao.

"Kifua chake bado kinamsumbua?" akauliza.

Nakijwa hakujua. Alikua akiwaona watoto wa Kalebu ng'ambo ya masale, wa umri wake, na hakuruhusiwa kucheza nao. Mama yake alipozikwa, Kalebu alikuja na koti lake la heshima, akasimama upande wake wa mpaka tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho, hakuvuka, na baba yake hakumwita. Nakijwa aliwachukia wote wawili siku hiyo, na chuki yenyewe ilikuwa haijaisha. Alijibu kwamba hajui.

"Namsikia akikohoa," mzee akasema. "Upepo ukitokea kule." Akarudi kwenye makande yake.

Hapo Nakijwa alipaswa kukaa chini na kufikiri. Lakini mtu anayewadharau wenzake kwa kutoona mbali huwa ana haraka, naye alikuwa na haraka ya kuteremka kabla ya mvua.

*

Sherehe ilifanyika langoni mwa hifadhi, chini ya Shingo, mahali barabara ilipoishia. Mahema yalikuwa meupe na viti vilivishwa vitambaa vyenye mafundo mgongoni, kama vile viti vyenyewe vilikuwa vinaolewa. Kwaya iliimba wimbo wenye neno moja, mazingira, ikilirudia kwa sauti nne. Kila mgeni alipewa maji katika chupa ya plastiki, na zile tupu zilirushwa nyuma ya hema, ndani ya hifadhi. Shimo la Profesa lilizungushiwa utepe. Alikuwa amepanda mche humo tena asubuhi ile, na kando yake alikaa meneja wa kampuni ya magogo, mgeni mwalikwa, akitazama Shingo kama mtu anayetazama chakula kikipakuliwa.

Profesa alitoa hotuba. Alilia katika sehemu mbili, zote alizokuwa amezipanga.

Wazee wakaitwa. Mzee Sefania alipanda jukwaani kwa upande wa kulia, mgumu, kifua mbele, kama alivyozoea kupanda kizimbani. Kalebu alipanda kwa kushoto, akishikwa mkono na mkwe wake, na wote walioketi karibu waliona kwamba lile koti la heshima sasa lilikuwa limemzidi. Wakasimama uso kwa uso. Hawakuwa wamesogeleana kiasi kile bila mahakimu kati yao tangu Nakijwa apate akili.

"Kaka," Kalebu akasema, "umekonda."

"Na wewe hilo koti limekushinda," akajibu Sefania.

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilikuwa kicheko kimoja, na Nakijwa aliyekuwa amesimama kati yao na kifaa cha kupokea ombi aliona kwamba hesabu yake imekosea. Kalebu alianza kukohoa. Baba yake akamshika begani mpaka kikohozi kikapita, na hakuondoa mkono. Akaomba kipaza sauti.

"Sisi tumezeeka," akasema. "Ombi letu ni moja. Kesi iishe. Kile kipande tukigawe katikati, kila mtu achukue chake, tufe kwa amani."

Vigelegele vikapasua mahema. Mama Chambala alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli, kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Meneja wa magogo akatoa simu, akaandika kitu kifupi. Taa ya kifaa mkononi mwa Nakijwa iligeuka manjano: sauti ya kwanza imepokelewa, inasubiri ya pili. Kalebu alikuwa anameza mate ili aseme.

Nakijwa aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja. Aliuona mkono wa baba yake juu ya bega la ndugu yake, kitu alichokitamani tangu utotoni na kukikatia tamaa. Aliuona pia ule mlima wenye kipara na wanawake wenye ndoo. Angeweza kuwaambia ukweli pale pale: mkipatana, msitu unakwenda. Lakini alimjua baba yake. Angesema nyani wakatafute kwingine, na katika mambo ya ndugu yake angekuwa na haki ya kusema hivyo. Angekuwa amemuuliza mtu, na mtu angekuwa amejibu, na jibu lingebidi lifuatwe. Kwa hiyo hakumuuliza hilo.

"Samahani, baba," akasema kwa ile sauti yake ya kazini. "Mtambo unahitaji kujua jambo moja kabla haujapokea. Katikati ya wapi? Tunapima kuanzia masale ya zamani au haya ya sasa?"

Mtambo haukuhitaji kujua lolote.

Wazee wakatazamana. Mkono wa Sefania ulikuwa bado begani.

"Ya zamani, bila shaka," akasema.

"Ya zamani yapi, kaka?" Kalebu akauliza kwa upole. "Masale ni hayohayo aliyoyapanda baba."

"Baba alipanda juu ya lile jiwe. Leo jiwe liko kwako. Jiwe nalo lilitembea?"

"Jiwe liko mahali pake. Wewe ndiye umesogea."

Mkono ukatoka begani. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na umati mzima ukasikia habari za jiwe, za usiku masale yaliposogea, za shahidi aliyehongwa tangawizi, za mama yao alimpenda nani zaidi. Mama Chambala akajaribu kuwapa nishani ili wanyamaze. Wakaishika wote wawili, na hakuna aliyekubali kuiachia, kwa kuwa sasa swali lilikuwa itatundikwa kwenye ukuta wa nani. Mwishowe Kalebu akaiachia, akasema wataonana mahakamani, akateremka akishikwa mkono. Taa ya kifaa ikawa nyekundu. Profesa alikuwa amesimama, vifungo vyote vimefungwa, mdomo wazi, na Nakijwa alimwona. Hakupata raha yoyote kwa hilo.

Wageni walipoondoka alimkuta baba yake amekaa peke yake kwenye kiti kimojawapo, nishani mapajani. Ilikuwa jani la kioo, limeandikwa majina mawili.

"Lile swali, mama," mzee akasema bila kumtazama. "Lilikuwa la mtambo au lako?"

"La mtambo, baba."

Mzee Sefania alikuwa amewasikiliza mashahidi maisha yake yote. Akainua macho, akamtazama binti yake kwa muda, kisha akasema sawa, na akaomba asaidiwe kusimama.

*

Kalebu alizidiwa wakati wa masika. Gari la wagonjwa lilifika chini ya Shingo likakomea pale, kwa kuwa ni chombo chenye injini na zuio ni zuio. Wanawe walimteremsha kwa machela kwenye utelezi, na akafa kabla hawajafika langoni. Siku ya mazishi Mzee Sefania alivaa koti lake la heshima, akasimama upande wake wa masale tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho. Watoto wa marehemu hawakumwita. Juma lililofuata walipeleka mahakamani maombi ya kuendelea na shauri kwa niaba ya baba yao, wakiongeza na suala la nishani.

Msitu ulisimama. Mvua ilikuwa nzuri, na mabomba ya tambarare yalitoa maji mwaka mzima.

Msimu wa tuzo uliporudi, Profesa Lugendo alikuja na suti ileile. Kinyume ukanguruma, watu wakanywa chai, na jina likajitokeza kwenye kioo, moja, peke yake katika mstari wake: Nakijwa Mrutu. Chumba kizima kikampigia makofi. Mama Chambala alimkumbatia, akasema daima alijua. Waliuliza alifanya nini, na alipokaa kimya wakasema ni unyenyekevu, wakapiga makofi tena. Profesa alimpa mkono akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemlea kitaaluma, na alionekana kuamini hivyo.

Nakijwa akawaomba watoke kidogo. Walitoka kwa heshima, kama watu wanaomwacha mtu asali. Nakijwa akafunga mlango, akakaa mbele ya mtambo, akajifuta.

Barabara ilipanda Shingoni, pana, nyeusi, imepigwa mistari myeupe. Juu yake mlima ulikuwa kipara, umechanwa na makorongo, na chini yake watu walipanga foleni na ndoo, kama alivyotarajia. Hakuutazama mlima kwa muda mrefu. Akausogeza mchoro hadi kwenye shamba.

Masale hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na benchi, na juu ya benchi wazee wawili. Kinyume huchora watu kwa kukisia na nyuso zao huwa hazina undani, lakini lile koti lililomzidi mwenye nalo, Nakijwa alilitambua. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uani, milango wazi, dereva anakunywa chai. Kati ya wazee ilikuwepo sufuria moja ya makande. Kalebu alikuwa akiyasukuma maharage kwa kijiko, machache machache, upande wa kaka yake.

Mlango ukafunguliwa. Mama Chambala aliingiza kichwa, tabasamu lake likatangulia.

"Ombi lako sasa, mwanangu," akasema. "Omba chochote. Hakuna ofisi itakayokukatalia."

Nakijwa alizima kioo. Akamwambia kwamba hana ombi, na akamuuliza kama chai imebaki.